Imepokelewa

Ujumbe ulimkuta Wacuka zizini Jumamosi asubuhi, vidole vikiwa na mafuta ya kukamulia, na kwa kuwa miwani ilikuwa ndani akampa simu mkaza mwana wake amsomee. Edah alisoma. Akarudia kimoyomoyo. Maneno yalikuwa yale yale.

"Si useme," Wacuka akamwambia bila kuinua kichwa.

"Ni kampuni ya mbegu, Mami. Wanasema shamba lako halina ukaguzi wa pili wala wa tatu. Wamelikataa."

Wacuka akacheka. Alidhani ni wale matapeli wa simu. Kwani Jeruto, mkaguzi wao, hakuja? Alikuja Jumatatu, akarudi Jumatano, akatembea mistari yote hadi bondeni na kofia yake ya kampuni, kisha akakaa pale jikoni akala viazi viwili. Na kabla ya kuondoka alimwonyesha simu yake ya kazi, ile alama ya kijani na neno lake moja, Imepokelewa. Kuona kijani hakuhitaji miwani. Wacuka aliendelea kukamua, akisema hao watu wa Kitale wamekosea namba na Edah atawanyoosha Jumatatu, kwani Edah si ndiye mwenye kompyuta ya kampuni huko?

Ndiye. Na alijua tangu jana. Alilala na habari hiyo tumboni kwa sababu meneja, Bwana Kibe, alikuwa amewaambia wafunge midomo mpaka atafute njia. Kumbe njia yenyewe ndiyo hii, kuwatumia wakulima ujumbe wa kuwakataa kabla hawajauliza. Hasira ilimpanda Edah hapo zizini mpaka masikio yakawaka, na aibu ikaja nyuma yake, kwa sababu hakujua amkasirikie nani kwanza.

Mahindi ya mbegu si kama mahindi ya unga. Hupandwa mistari ya kike na mistari ya kiume, na kila mbelewele, lile ua la kileleni, kwenye mistari ya kike lazima ing'olewe kabla haijamwaga vumbi lake, la sivyo mbegu inaharibika. Kazi yenyewe ni ya siku kumi hivi, vibarua wakipita asubuhi na jioni, na mkaguzi wa kampuni sharti aje mara tatu katika siku hizo. Ukikosa mara moja tu kwenye orodha, mahindi yako yanakuwa ya posho, ya kusagwa unga tu, na jina lako linaondolewa kwa wakulima wa mbegu. Wacuka alikuwa amengoja miaka sita apate jina lake kwenye orodha hiyo. Ekari nne za Endebess, alizoachiwa na marehemu mumewe Mathenge, zilikuwa zimetunzwa mwaka huu kuliko watoto.

*

Mambo yalianza Jumatatu ile. Mvua ya Aprili ilichelewa, watu wakapanda kwa wakati mmoja, na sasa mashamba yote kutoka Endebess mpaka Naitiri yalikuwa yanachanua wiki hiyo hiyo. Wakaguzi tisa walituma ripoti zao kwa pamoja. Kompyuta ya Kitale ikazidiwa. Mkaguzi akibonyeza, kile kiduara cha simu kinazunguka, kinazunguka, naye amesimama katikati ya mahindi akikilaani.

Bwana Kibe alikuja mpaka mlangoni kwa Edah, mbele ya makarani wote.

"Madam, wakaguzi wangu wamesimama shambani kama vigingi wakingoja kompyuta yako. Hiyo digrii yako ni ya mapambo?"

Edah akamweleza. Kompyuta ilikuwa nzito kwa sababu ilikuwa mwaminifu. Kila ripoti iliandikwa kwanza kwenye daftari lake la ndani, ikagandamizwa kwenye diski, na hapo tu ndipo ilipomjibu mkaguzi kwamba imepokelewa. Hata ikizimwa ghafla, ikiwashwa inasoma daftari lile na kupanga kila kitu mahali pake. Kulikuwa na njia ya haraka, ndiyo. Jedwali la ukaguzi linaweza kuambiwa liache lile daftari, lishike mambo kichwani na kuyaandika likipata nafasi. Lakini likianguka kabla ya kufungwa vizuri, likiamka halijiamini tena. Linajifuta lote.

"Lote?"

"Lote, bwana. Mpaka ya zamani."

"Kuna betri ya kushika umeme. Niliinunua mimi. Weka haraka. Ni wiki moja tu."

Akaweka. Mstari mmoja tu wa maandishi, hata dakika haikuisha. Simu za wakaguzi zikaanza kujibu papo hapo, na zilivyotengenezwa, zikishajibiwa imepokelewa zinafuta nakala yake ili zisijae. Jioni ile Bwana Kibe alimletea soda, akamsifu mbele ya wale wale makarani, na Edah, Mungu amsamehe, alifurahi.

Kitu kimoja alikisahau, na kilikuwa chake mwenyewe.

Edah alizaliwa Kabuchai, na Kabuchai hakuna anayefanya mzaha na radi. Alipokuwa darasa la tano iliwaua ng'ombe watatu wa jirani wamefungwa kwenye waya mmoja. Nyumbani kwao mngurumo wa kwanza ukisikika, kioo kinafunikwa, redio inachomolewa, na mtu hashiki hata sufuria. Alipoajiriwa Kitale alikuta radi imefuata waya ikaunguza mitambo ya ofisi, basi akamfundisha Kemboi, mlinzi wa mchana, kama alivyofundishwa na mamake. Ikinguruma tu, shusha meni swichi, umeme wote uzime. Halafu ingia ndani uchomoe na ile betri, usibakishe waya ukutani. Mwaka mzima Kemboi alifanya hivyo, na mwaka mzima hakuna kilichopotea, kwa sababu daftari lilikuwepo.

Alhamisi saa tisa mchana Edah alikuwa mjini kununua daftari za mtoto wake Nyambu, wingu likaja kutoka Mlima Elgon, likanguruma. Akasimama na chenji mkononi. Alipiga simu akikimbia, mvua ikimchapa, na simu ikashikwa mlio wa tatu.

"Kemboi, usizime! Leo usizime."

"Ah, madam, nimeshazima kitambo," Kemboi akajibu kwa fahari. "Hata ile betri nimechomoa. Wewe tulia huko, usije ukanyeshewa."

*

Ijumaa asubuhi jedwali lilikuwa tupu. Nakala ya mwisho kwenye diski ya pembeni ilikuwa ya Ijumaa iliyotangulia. Akairudisha, lakini siku nne zilizokuwa na maana, Jumatatu mpaka Alhamisi, hazikuwemo. Mashamba sitini na moja.

Kulikuwa na kompyuta ya pili, pacha wa hii, kwenye tawi la Bungoma, inayonakili kila kinachoandikwa Kitale. Edah alijua. Moyoni alijua kabisa kwamba pacha yule hunakili kutoka kwa lile daftari, na kama hapakuwa na daftari hapakuwa na cha kunakili. Hata hivyo alisafiri mpaka Bungoma, kwa sababu mtu akifiwa huenda mochari ajionee. Makokha, karani wa pale, kijana mpole wa Kabuchai vilevile, alimpa kiti chake.

"Jina ra jedwari riko, madam," akasema kwa ile r ya kwao. "Lakini ukigusa ndani inakataa. Kwani mlifanya nini huko?"

Edah aliandika amri mwenyewe. Ikakataa. Akaandika tena, ikakataa kwa maneno yale yale, bila hata kuongeza samahani. Makokha akamletea chai akaiacha mezani na kutoka nje, akijifanya anaangalia pikipiki yake.

*

Muigai, mumewe, fundi wa matrekta, hakuelewa ugumu uko wapi. Jumapili baada ya kanisa walikaa nyuma ya nyumba, na Edah akamweleza kila kitu, hata la Kemboi. Muigai alisikiliza akipangusa spana ambayo haikuwa na uchafu.

"Jeruto alikuja. Mama alimwona, mimi nilimwona, Nyambu alimwona. Si uandike tu? Ni mistari miwili."

"Na wale wengine sitini?"

"Wale wengine si mama yangu."

Edah aliinuka akarudi ndani. Ila neno lile lilimkaa.

Jumatatu Bwana Kibe alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwita Mama Nyambu kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Akasema ajali ni ajali. Mashamba matatu yanaweza kuonekana, wakaguzi waliyakumbuka vizuri. Akasukuma karatasi. La kwanza lilikuwa la mwenyekiti wa wakulima. La pili lilikuwa ekari nane za Naitiri kwa jina la mwanamke ambaye kila mtu alijua ni mke wa Bwana Kibe. La tatu lilikuwa la Wacuka.

"Na hayo mengine hamsini na nane?"

"Hayo wakaguzi hawakutuma. Au wakulima walichelewa kung'oa. Tutasema hivyo." Akaegemea kiti. "Na kabla hujaniangalia hivyo, madam, jiulize ni nani alimfundisha mlinzi kuzima umeme. Si mimi."

Karatasi ile alitoka nayo. Aliketi mbele ya kompyuta, jedwali liko wazi, mshale unawaka na kuzima mahali pa kuandika. Jina la mama mkwe lilikuwa na herufi chache tu. Aliwaza mikono ya yule mama kwenye baridi ya asubuhi, mbelewele zilivyomkata viganja, na jinsi alivyozibeba mwenyewe mzigo kwa mzigo akawapa ng'ombe ili hata moja isibaki shambani. Kweli yake ilikuwepo. Kuiandika kungekuwa kweli. Lakini ikiwa peke yake katikati ya uongo wa hamsini na nane ingekuwa hongo, na Edah alijua kwamba akiila hatakuwa tena na mdomo wa kusema. Alizima kioo akaenda kunawa uso.

*

Jumatano wakulima walijaa kwenye uwanja wa kampuni, mvua ya jana bado imetuama. Hawakupewa viti. Bwana Kibe alisimama kwenye ngazi za ghala na kipaza sauti, akawaambia wakulima wenye mvi kwamba mbegu ni nidhamu, kwamba wengine wao walizembea, kwamba mfumo hauna undugu na hausemi uongo. Wakaguzi walikuwa wamepangwa nyuma yake, macho chini. Jeruto alikuwa anachezea zipu ya jaketi. Wacuka alikuwa katikati ya watu, na kitambaa chake cha kanisani.

Edah hakupanga kusema. Ni lile neno, hausemi uongo, lililomnyanyua. Alipanda ngazi, akasimama kando ya Bwana Kibe, na kwa kuwa hakupewa kipaza sauti akasema kwa koo lake.

"Walituma. Wakaguzi wote walituma, na nyinyi mling'oa kwa wakati. Mimi ndiye mwenye kompyuta na ninawaambia. Ilikuwa inawajibu imepokelewa kabla haijaandika popote, kwa sababu tuliiambia iwajibu hivyo ili iwe haraka. Meneja aliagiza. Nikamweleza hatari yake, halafu nikafanya. Na Alhamisi ikinguruma umeme ulizimwa kwa sababu mimi ndiye niliyefundisha uzimwe. Kemboi hana kosa, msimguse. Juzi nikaambiwa niandike mashamba matatu, la mama mkwe wangu likiwemo, nyinyi wengine muitwe wazembe. Sikuandika."

Zikapaa kelele, na si zote zilikuwa za kumpongeza. Mzee mmoja wa Endebess alimwuliza kwa sauti kama digrii yake ilimfundisha kucheza na jasho la watu. Mwanamke mwingine alisema kwa hivyo ni huyu. Edah aliona anastahili, akavumilia. Kilichomchoma ni Wacuka, aliyekuwa anamtazama tu, na watu walio karibu naye wakimtazama yeye, wakimpima kama alijua.

Bwana Kibe alimfuta kazi pale pale kwenye ngazi. Lakini kampuni ilihitaji mbegu, na wakulima walikataa kutoka uwanjani. Kufikia saa kumi walikuwa wamekubaliana: mashamba yote sitini na moja yatembewe upya kwa miguu, mstari kwa mstari. Mkaguzi ahesabu, mwenye shamba awepo, yote yaandikwe kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni, kila mtu abaki na nakala. Na kwa upande wa Endebess, yule mzee aliyemtukana Edah akasema anayemtaka aandike ni Edah, huyu wa kompyuta, maana ameshakosa cha kupoteza.

Nyumbani jioni hiyo Wacuka alimpakulia chakula kama kawaida, akamwekea na maziwa, lakini hakumsemesha. Muigai alisema jambo moja tu, kwamba angemwambia mama kwanza kabla ya kuwaambia watu. Na hapo alikuwa na haki.

*

Walitembea siku tatu, Edah na Jeruto, mashamba kumi na manne. Kazi ilikuwa ya polepole mpaka ikachosha meno. Unahesabu mashina mia kwenye pembe, mia katikati, mia bondeni. Ikizidi mbelewele moja iliyomwaga kwa kila mia, shamba limeanguka. Edah aliandika kila namba, akaisoma kwa sauti, mwenye shamba akaitikia, wakatia sahihi. Mashamba tisa yalipita. Manne yakaanguka, na sababu ilikuwa moja, ule ujumbe wa kuwakataa, ikamkata Edah kila mara upya.

La Wacuka lilikuwa la mwisho. Kwenye pembe halikuwa na kitu. Katikati halikuwa na kitu, mistari ya kike imesimama safi, ndevu zake zikianza kukauka. Jeruto akaanza kutabasamu. Kisha wakafika bondeni, ambako udongo una maji na mahindi huchipua vichipukizi vya kando, na vichipukizi huchanua vikiwa vimechelewa. Mbelewele zilikuwa zimesimama zikimwaga, vumbi la njano juu ya majani. Jeruto alihesabu mara mbili.

"Saba," akasema polepole.

Wacuka alikuwa nyuma yao, amejifunga leso kiunoni. Hakushtuka, maana alikuwa ameziona.

"Vibarua niliwaachisha Jumamosi ile," akasema. "Mlinitumia kwamba limekataliwa. Nilipe watu wang'oe mahindi ya unga?"

Kompyuta ilisema shamba halifai likiwa linafaa, na kwa kusema hivyo ikalifanya lisifae. Edah alihisi hasira ikimjaa, hasira kwa Bwana Kibe na soda yake, kwa kile kijani cha simu, kwa vidole vyake mwenyewe siku ile ya Jumatatu.

Mbingu ikanguruma upande wa mlima. Jeruto akaangalia juu, kisha akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Nyambu, tuandike sifuri. Mimi nililiona Jumatano likiwa safi. Mungu anajua nililiona. Andika, nitie sahihi, twende."

Edah alitaka. Hata angeulizwa mbinguni asingekana kwamba alitaka. Kalamu ilikuwa karatasini. Akamtazama mama mkwe wake, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu yule mama akamsemesha.

"Andika saba."

"Mami."

"Nimesema andika saba. Wale wanne wengine uliwaandikia nini? Halafu chini yake uandike ni kwa nini. Hiyo ya kompyuta hukuipa nafasi ya kuandika kwa nini, hiki ni kitabu."

Walikwenda jikoni kukwepa mvua. Edah aliandika akiwa ameinamia kigoda. Aliandika saba. Chini yake akaandika kwamba shamba hili lilikaguliwa Jumatatu na Jumatano likawa safi. Kwamba kampuni ilimjibu mkaguzi imepokelewa kisha ikapoteza ripoti hiyo kwa kosa lake yenyewe. Kwamba ilimwarifu mwenye shamba amekataliwa, naye akasimamisha kazi. Kwamba mbelewele hizi saba ni za kampuni. Akagandamiza sana kalamu ili kaboni ishike mpaka nakala ya tatu. Kisha akafungua kurasa za yale mashamba mengine manne yaliyoanguka, akaacha nafasi ya kutosha chini ya kila namba, maana angerudi kwa wenyewe kesho.

Alimsogezea Jeruto kitabu. Jeruto alikisoma mara mbili. Alikuwa na watoto wawili Kitale na kazi ya mkataba, na kila mtu mle jikoni alijua. Alivua kofia ya kampuni akaiweka gotini. Kisha akatia sahihi.

Radi ikapiga karibu, sufuria zikalia ukutani. Wacuka aliinuka, akashusha swichi ya nyumba kama anavyofanya siku zote, akarudi kukaa kwenye giza la saa kumi.

"Sina miwani," akasema. "Nisomee."

Edah akasogea mlangoni kwenye mwanga, akamsomea yote, neno kwa neno, mvua ikipiga mabati. Alipomaliza, Wacuka alinyoosha mkono kwa kalamu, kisha akausimamisha.

"Soma tena pale pa kampuni."

Akasoma tena.

"Polepole," Wacuka akasema.